Nimemtwisha Mjukuu Masomo Sita, Sasa Dole Gumba Langu Limegoma

Mpendwa mshauri, sijui umri wako, kwa hiyo shikamoo na marahaba chukua zote mbili, naomba msaada kabla ya Ijumaa. Anayeandika ni mkamwana wa jirani, mimi nasema tu, na nimemwambia asinipambe, maana shule niliiona kwa nje nikipita na karai la nguo kichwani.

Mimi ni dobi wa hospitali, miaka ishirini na sita nafua makoti ya madaktari, nawajua kwa madoa yao. Mjukuu wangu ninayemlea alipoingia sekondari ya juu tuliitwa kuchagua masomo, mwalimu akasema, "Bibi, manne yanamtosha," na mimi kwa kiherehere changu nikamjibu, "Mwalimu, huyu nimemlea mimi, mwekee yote yenye udaktari," basi akawekewa Hisabati, Fizikia, Kemia, Baiolojia, Kompyuta na Jiografia, nami nikatoka pale kifua mbele kama jogoo, nikawatangazia wenzangu wote kazini, nikashona na koti jeupe nikalitundika mlangoni kwake.

Kila jioni namkagua madaftari. Usicheke. Kusoma sijui, lakini ukurasa uliojaa nauona. Wiki iliyopita nikakuta wino mwekundu umetapakaa kila mahali, nikamkumbatia, nikamwambia, "Tazama mwalimu anavyokupenda, kaandika kuliko wewe." Akalia. Nikadhani ni furaha, nikalia naye. Alipopata pumzi akasema, "Bibi, hayo ni makosa. Yote nimekosa."

Juzi akaleta fomu ya kupunguza masomo mawili, inataka dole gumba la mlezi, mwisho Ijumaa. Nikamwambia dole linaniuma. Tangu hapo anasinzia mezani na kijiko mkononi, na hanitanii tena, yeye ambaye huniita Profesa wa Sabuni. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka, mimi nimemshikisha sita. Nikiweka dole, nitawaambia nini wale niliowatambia? Nisipoweka, naona nampoteza mtoto na tunalala nyumba moja.

Bibi Dobi

JIBU

Bibi Dobi, marahaba nimeirudisha, shikamoo ndiyo yako.

Dole lako ni zima, kinachouma ni sifa. Wewe ukijaza mashuka kwenye mashine mpaka mlango ukatae kufunga, kisha yatoke machafu, huwa unayatukana mashuka? Mjukuu wako si mvivu. Masomo kama Hisabati yanataka mtu akae na swali, akosee, afute, arudie. Mwenye masomo sita mgongoni atarudia saa ngapi?

Hata hivyo, hukumkagua kwa ubaya. Wangapi wamesoma na daftari la mtoto hawajawahi kulifungua? Ila acha kuhesabu kurasa. Kila jioni mwambie akufundishe swali moja tu, kwa maneno utakayoyaelewa wewe. Akiweza, amelijua. Akikwama, hapo ndipo pa kumpelekea mwalimu kesho yake, na wino mwekundu nao utakuwa umepata kazi.

Koti litoe mlangoni. Mtoto hawezi kupumzika katika chumba chenye koti linalomdai udaktari.

Wenzako waambie umekosea. Watakusema siku mbili, ya tatu watapata mwingine wa kumsema, nawe utawasaidia.

Kesho asubuhi nenda shuleni na mjukuu, muulizeni mwalimu akibaki na manne ataweza kusomea nini mbele, kisha weka dole. Usingoje Ijumaa. Na mle ofisini mwache aongee yeye, kiherehere chako kikae nje ya mlango.

Lakini kuna la leo. Barua yako imetaja masomo sita, hujaniambia anataka kuacha yapi. Hukumuuliza, bibi. Akirudi leo muulize, halafu nyamaza mpaka amalize.