Binti Yangu Alikimbia Peke Yake, Leso Mkononi

Munje, Msambweni
2 Septemba 2025

Kwa Bi Jemima,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, na baada ya salamu naomba unisaidie, kwa maana jambo hili ninalo moyoni tangu mwezi wa saba na sijapata pa kulitua. Shule yangu iliishia darasa la nane, kwa hivyo nikikosea mahali unisamehe.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Hanifa, mwenye miaka minane. Mume wangu Kheri alikuwa fundi wa baiskeli hapa kwetu, na alifariki Ramadhani iliyopita, chungu cha tatu, yaani siku ya tatu ya mfungo, baada ya kubanwa na kifua siku nne tu, na mpaka leo kuna baiskeli mbili za watu ziko uani kwangu ambazo wenyewe hawajaja kuzichukua, nadhani wanaona haya kubisha hodi.

Shule ya Hanifa kila mwaka huwa na mbio za mzazi na mtoto. Mzazi na mtoto hufungwa pamoja kwa leso ya kujitanda, mkono wa huyu na mkono wa huyu, wakakimbia kutoka uwanjani mpaka njia ya ufuoni na kurudi, na sharti ni moja tu, mfike pamoja na leso haijafunguka. Mwaka jana Kheri alikimbia na Hanifa kwa leso yangu ya rangi ya damu ya mzee yenye maua ya korosho, na walipofika kwenye mchanga ndara yake moja ikakatika, naye hakusimama, akaitia mfukoni akaendelea na mguu mmoja mtupu, watu wakimpigia kelele, "Fundi, umepata pancha! Ziba pancha, fundi!" naye akawajibu, "Hii itazibwa mwakani!" Walitoka wa pili. Walipewa jagi la plastiki la kijani, ndilo tunalonywea maji hadi leo. Tangu siku ile, kila alasiri akishafunga kazi, alikuwa akimngoja Hanifa kwenye kona ya msikiti wanakuja nyumbani mbio, nami nawasikia kabla sijawaona, kwa sababu Kheri alikuwa akihesabu hatua kwa sauti.

Nilipofiwa nikaingia edani. Najua wewe si wa dini yetu, lakini umekaa nasi, unajua kwamba mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura. Basi mimi nikaichukua kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi iliyotundikwa nyuma ya mlango, nikaanza tarehe nne Machi, siku aliyofariki, nikahesabu mpaka tarehe kumi na nne Julai, nikaizungushia kwa kalamu ya buluu, na kila siku ikipita naikata mstari.

Mwezi wa tano Hanifa akaja na barua ya shule. Akaniuliza, "Mama, mbio ni tarehe kumi na mbili Julai. Mimi nitakimbia na nani?" Nikamjibu bila kufikiri, "Na mimi." Alifurahi hata akavaa viatu vya shule jioni ile akakimbia kuzunguka nyumba. Baadaye ndipo nilipoitazama kalenda.

Nikamwita, nikamwonyesha. Akaweka kidole kwenye kumi na mbili, kingine kwenye kumi na nne. "Ni siku mbili tu, mama?"

Nikamwambia, "Siku mbili ni siku mbili. Hii ni amri ya Mungu, si yangu."

Hakulia. Kesho yake alimwendea Mwalimu Eunice akamwomba mbio zisogezwe mpaka Jumanne. Mwalimu alimhadithia shemeji yangu Iddi, alianza akicheka, akamaliza anafuta macho. Iddi akaja akamwambia mtoto, "Basi twende mimi nawe, mimi nina mbio kuliko baba yako." Hanifa akamjibu, "Baba mdogo, aliyeahidi ni mama." Iddi akasema, "Haya, hakimu, nimeshindwa kesi," tukacheka, na mimi nikadhani yamekwisha.

Siku yenyewe ilipofika nilikaa nyuma ya ua wa makuti, kwa sababu shule iko karibu na kipaza sauti chake kinafika kwetu. Nikasikia majina yakitajwa, nikasikia kipenga, kisha nikasikia yule mtangazaji akiuliza, "Namba kumi na saba yuko na nani? Jamani, mzazi wa namba kumi na saba yuko wapi?" Kisha kipaza sauti kikanyamaza, nadhani Mwalimu Eunice alimnyang'anya.

Iddi ndiye aliyenihadithia yaliyobaki. Hanifa aliifunga leso mkononi mwake mwenyewe kwa kuvuta fundo na meno, upande wa pili akauacha ukining'inia, akakimbia hivyo hivyo, leso inaburura mchanga nyuma yake. Njiani mama mmoja mwenye huruma alitaka kuishika ile ncha akimbie naye, Hanifa akaivuta akamwambia, "Hapo pana mtu." Alifika katikati ya wenzake, si wa mwisho.

Aliporudi alinisalimu, "Shikamoo, mama." Nikamwitikia marahaba, nikamuuliza amekuwa wa ngapi. Akasema, "Sikuhesabiwa. Nilifika." Akaikunja leso pembe kwa pembe, akaiweka kitandani na mchanga wake, akaenda kunywa maji.

Sasa, Bi Jemima, hapa ndipo panaponichoma. Eda haihesabiwi kwa kalenda ya duka. Huhesabiwa kwa mwezi mwandamo, ambao ni mfupi kuliko wa kalenda, na mimi ni mtoto wa Kiislamu, najua hivyo tangu utotoni, lakini katika msiba ule sikufikiri, nilikamata kilichokuwa mbele ya macho. Alhamisi, siku mbili kabla ya mbio, jirani yetu Bi Mwanamisi aliniletea samaki, akanitazama akasema, "We mwanangu, mbona bado umo ndani? Mumeo alikufa chungu cha tatu, na leo ni mwezi wa Mfungo Nne, siku ya kumi na nne. Hebu hesabu vizuri, eda imekwisha jana." Nikamjibu, "Mama mkwe ameshaalika watu Jumatatu, tungoje tu." Akasema, "Haya, mwajua wenyewe," akaenda zake.

Nyumba ya ustadhi ni ya tatu kutoka kwetu. Ningeweza kumtuma hata Hanifa akamuulize. Sikumtuma. Nikijichunguza kwa kweli, niliogopa. Niliogopa kusimama kwenye ule mstari watu wakanitazama wakamtafuta Kheri, niliogopa kupumua kwa shida mbele ya watu, niliogopa kuambiwa mjane huyu ametoka eda jana na leo yuko uwanjani anaruka. Nikaona heri siku zangu mbili zinifiche.

Jumatatu nikaogeshwa kutolewa eda, wanawake wakapika pilau, na ustadhi akamwambia mama mkwe nikiwa nasikia, "Mmechelewa siku tano, lakini hakuna neno." Wote wakashangaa. Mimi sikushangaa, na huko kutoshangaa ndiko kunakoniuma.

Tangu hapo Hanifa hana shida na mimi, na hiyo ndiyo shida yangu. Nikimwambia kaoshe vyombo, "Sawa, mama." Huviosha huku akikariri majina ya miezi waliyofundishwa chuoni, kwenye chuo cha Kurani, kisha anaenda kulala. Haniombi kitu. Alasiri anakuja kutoka shule akitembea. Majuma mawili yaliyopita aliniuliza mara moja tu, bila kunitazama, "Mama, zile siku mbili zilikuwa za Mungu kweli?" Nikamwambia, "Ndiyo."

Nimemweleza mama mkwe yote. Ananiambia, "Nyamaza, mwanangu. Ukimwambia mtoto, ataidharau eda na atakudharau wewe. Atakua, atasahau." Ni mtu mwema, amenishika mkono katika msiba huu, sitaki kumvunja. Lakini nikiitazama ile leso, ambayo mpaka leo sijaifua, nashindwa. Nimwambie mtoto, au ninyamaze?

Bi Jemima, usipojibu sitakulaumu, najua barua ni nyingi. Ila katika maombi yako mkumbuke Kheri, fundi aliyekimbia na ndara moja. Na mimi pia unikumbuke.

Mama Hanifa

*

BI JEMIMA ANAJIBU

Mama Hanifa, pole. Pole ya Kheri kwanza, kwa sababu katika barua yako yote umeomba msamaha na hukuomba pole hata mara moja.

Sasa nisikilize. Kuhesabu vibaya si dhambi. Mtu aliyefiwa hujumlisha mbili na mbili akapata saba, na hakuna wa kumcheka. Siku zako za ziada ulizikaa kwa heshima ya mumeo, na ustadhi amekwisha kusema hakuna neno. Mambo ya eda muulize yeye, mimi ni Mkristo wa Kinango, hapo sigusi.

Lakini Alhamisi nitaigusa. Alhamisi uliambiwa, ukaelewa, ukafunga mlango. Hofu yako naielewa, wewe ni binadamu. Kosa lako ni kuichukua hofu hiyo ukaibandika jina la Mungu, ukampa mtoto wa miaka minane aibebe. Na majuma mawili yaliyopita, alipokuuliza, ukambebesha tena. Hapo nakukemea, dada yangu, na nakukemea kwa kuwa nakupenda.

Tena kuna jambo umeliandika mwenyewe kwa mkono wako na hukuliona. Unasema binti yako anaosha vyombo akikariri majina ya miezi ya chuoni. Ni miezi gani hiyo, Mama Hanifa? Si ndiyo hiyo hiyo aliyokutajia Bi Mwanamisi? Mtoto aliyekwenda kwa mwalimu wake kuomba mbio zisogezwe kwa siku tatu ni mtoto anayejua kuhesabu. Na babake alikufa chungu cha tatu, siku ambayo hakuna mtoto wa Kiislamu anayehitaji kalenda ya duka kuikumbuka. Mimi naamini Hanifa amekwisha kuhesabu. Hakukuuliza ili ajue. Alikuuliza ili akupe nafasi ya kusema.

Kwa hivyo usiniulize kama umwambie. Unamficha kitu ambacho pengine anacho mkononi, na kila siku unayonyamaza anaona mama yake anamdanganya kwa sauti ya upole. Mama mkwe wako mpe heshima yake yote, mwambie kabla hujamwambia mtoto ili asisikie kwa jirani, lakini usimwombe ruhusa. Mtoto haidharau eda kwa kuambiwa kweli. Ataidharau akikua akiamini kwamba ni kitu watu wazima hujifichia.

Mwambie leo, akitoka shule, na usimwambie ukiwa umesimama na mwiko mkononi. Kaa naye chini. Anza na Alhamisi, usianze na kalenda, kwa sababu ukianza na kalenda utaishia kwenye kalenda. Mwambie, "Niliambiwa eda imekwisha, nikaogopa kukimbia bila baba yako, na nikakudanganya." Maneno hayo, basi. Usilie ili akubembeleze. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki. Akikaa siku tatu hasemi nawe, mpikie, mwitikie salamu, ngoja.

Kisha leso. Usiifue bado. Alasiri moja, yeye atakapokuwa tayari na si wewe, ichukue muende mpaka uwanjani pa shule, bila mtangazaji, bila namba, bila watu wa kuwatazama. Mkimbie njia ile ile mpaka ufuoni na kurudi. Utapumua kwa shida, hilo nakuhakikishia, na utamwomba apunguze mwendo. Mwache yeye ndiye awe mkubwa siku hiyo. Mwakani mbio za shule zikifika mtakwenda pamoja, ila leo usimwahidi ya mwakani. Ahadi moja anakudai bado, lipa hiyo kwanza.

Na zile baiskeli mbili za uani, mtume Iddi azirudishe kwa wenyewe. Wanaona haya kubisha hodi, na wewe unaona haya kuzitoa, na uani hapo mtoto hana pa kuzungukia nyumba akikimbia.

Umeniandikia kwamba yule mama alipotaka kumsaidia njiani, Hanifa alisema, "Hapo pana mtu." Nimeisoma barua yako mara tatu kwa ajili ya maneno hayo. Angeweza kuizungusha leso yote mkononi mwake isimsumbue. Aliiacha ikaburura mchanga njia nzima. Mimi sijui kama mtu huyo alikuwa Kheri au ni wewe, na usimuulize. Shika ile ncha tu, umpe mkono akufunge yeye mwenyewe, kwa meno kama alivyofanya, na fundo likikubana usilalamike.

Kheri nimemtaja katika maombi asubuhi ya leo, kwa jina lake na kwa ndara yake. Nanyi siku mtakapofika, kabla hamjafungua leso, nikumbukeni.