Sifuri ya Baba Kulwa

Jumanne

Sifuri tena! Baba Kulwa, mchimbaji wa Bulyanhulu aliyepasuliwa ngiri jana, jasho linamtiririka, shuka amelikamata kwa mikono miwili, nami namuuliza kwa ajili ya utafiti wetu: kuanzia sifuri mpaka kumi, maumivu ni ngapi?

"Sifuri, daktari."

Mama mkwe wake, aliyemletea uji, akatabasamu kwa fahari. Alipotoka tu kuosha vikombe, mgonjwa akanidaka mkono. "Kumi! Sasa nitaliaje mbele ya mkwe?"

Dawa nikampa. Lakini wanaume niliowapima kwa utafiti karibu wote wana sifuri, na wote nimewauliza saa ya kuona wagonjwa, wakwe wamejaa wodini. Profesa anayeusimamia utafiti anataka matokeo Ijumaa. Nimwambie nimepima adabu?