Ulisimama Kusalimu, Mchezo Ukasubiri

Kibondo, 1996

Mpendwa Baba,

Barua ya uhamisho wako iliandikwa kabla ya mchezo. Aliyesema hivyo Jumanne ni Mzee Yotamu, aliyekuwa tarishi wa boma la Kasulu enzi za Mwingereza, ambaye sasa analima maharage Kitanga. Aliibeba mwenyewe. "Bwana DC aliniambia niifiche mpaka mchezo uishe," alisema. "Baba yako angeondoka, nani angeleta habari kwamba mume karudi?"

Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu yako, wewe karani wa boma, Mwafrika pekee katika kichekesho cha Kiingereza kilichokuwa kikuukuu hata kwao wenyewe: mke, mpenzi aliyejificha chini ya meza, mume anayerudi ghafla. Ulitakiwa uingie mbio, upige kelele, utoke. Ukaingia mbio, ukawaona wazee wa Kiha wameketi mstari wa mbele. Ukasimama. Ukapiga makofi taratibu, kama Waha tunavyowaamkia wakubwa, ukawasalimu mmoja mmoja, nao wakaitikia na kukuuliza habari za nyumbani. Mpenzi akasubiri chini ya meza. Watu wakavunjika mbavu.

Mwezi haukuisha, ukahamishiwa Kibondo. Wote tuliamini umeadhibiwa kwa kuwaharibia Wazungu mchezo wao. Mama aliacha kahawa yake ikianza kuzaa, na tangu hapo sukari ikiisha alikuambia, "Kasalimu wazee wakupe." Mimi nilikuigiza mbele ya wenzangu wa shule, ukanikuta. Hukunipiga. Ulisema, "Mikono iko juu mno. Ishushe."

Kazi yangu ni kuhakiki tarehe katika nyaraka za watu. Zako sikuzihakiki. Nilipotoka Kitanga nilifungua sanduku la Mama. Barua ilikuwa juu, tangazo la mchezo chini yake. Barua imetangulia kwa wiki mbili. Zimelala pamoja miaka yote hiyo.

Nikamsomea Mama.

"Kumbe nilimnunia bure," alisema. "Na yeye mbona hakujitetea?"

"Hakujua, Mama."

"Hata angejua. Yule!" Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka akikutaja tangu tukuzike. Nami nimetua mzigo, Baba.

Walimu wa Kasulu wanauigiza tena mchezo huo, kwa Kiswahili, pamoja na salamu yako. Mwalimu anayeuongoza, mtu wa Tanga, alitaka salamu iondolewe kwa kuwa inachelewesha. Mwenzake anayecheza mume, mkimbizi kutoka Burundi, akamjibu: "Nitasubiri nje, mwalimu. Mume gani anaingia watu hawajamaliza kusalimiana?" Salamu imebaki.

Sehemu yako anaicheza Danieli, kitinda mimba wako. Nimemwonyesha mikono: chini kidogo. Mama, aliyekuwa amekataa katakata kwenda, sasa anataka kiti cha mstari wa mbele, ili akisalimiwa aitikie.

Pumzika, Baba. Mchezo ni Jumamosi, saa tisa alasiri, katika ukumbi wa shule. Basi letu linaondoka Kibondo saa moja asubuhi.

Mwanao wa kwanza