Kipa Wangu Haruhusiwi Kuguswa na Daktari Mpaka Fainali Iishe

Elius wangu amepangua penalti kule Makambako, Jumamosi hii anadaka marudiano ya fainali hapa Njombe, mji mzima unamtaja yeye tu, na mimi mama yake mzazi naogopa atafia golini.

Mpendwa mshauri wangu, Dada Bertila, kamwene. Unisamehe habari imetangulia salamu, moyo umejaa mpaka umemwagika, naomba unishike mkono maana hapa nyumbani sina wa kumwambia. Mimi ni Hulda, Mama Elius, mfuma masweta, ukimwona mtoto wa shule mjini hapa amevaa sweta ambalo kola yake haijalegea ujue limetoka kwenye mashine yangu, na jina langu litaje tu hewani, sina cha kuficha, ila la mzee wa kamati, yule anayeshughulikia dawa za timu yetu, usilitafute.

Mimi ndiye mama wa timu ya Baridi Kali, na si kwamba najisifu lakini bila mimi vijana wale wangecheza na njaa. Wewe ni mwenyeji wa huku unajua mambo ya mpira wetu, timu ikienda ugenini hainywi maji ya wenyeji, haili chakula chao, haivalii jezi kwenye chumba ilichotengewa, hata getini haipiti, vijana wanaruka uzio upande wa nyuma mmoja mmoja, maana hujui wenzako wamefukia nini pale mlangoni. Basi mimi nafuatana nao na masufuria yangu ya wali na maharage na madumu ya maji ya kwetu Njombe, na sufuria langu haligusi mtu. Mimi ni Mlutheri, naimba kwaya, sauti ya kwanza, lakini hayo ya uzio nilikuwa nasema ni mambo ya vijana, hayanihusu.

Jumamosi iliyopita tukashuka Makambako kucheza na Njiapanda FC. Upepo wa kule unaujua, mpira ukipigwa juu hata anayeupiga hajui utaangukia wapi. Kipindi cha kwanza wakapata penalti, Elius akaenda kushoto, akaipangua kwa ngumi, jamani Dada Bertila, ungemwona! Sweta la njano alilovaa nimemfumia mwenyewe. Nikapiga vigelegele mpaka mzee mmoja wa Kiislamu aliyekaa karibu yangu, shabiki wa kwao, akaniambia, "Mama, mtoto umezaa, hongera, lakini masikio yangu nayo ni ya mtu."

Kipindi cha pili ikaja kona. Upepo ukaurudisha mpira, Elius akaruka, na mshambuliaji wao anaitwa Fahadi naye akaruka, goti la Fahadi likaingia hapa kwenye panda la uso la mwanangu. Nilisikia mlio nikiwa kule kwenye masufuria. Alianguka kama gunia, hata mikono hakutanguliza.

Akaja mbio binti wa huduma ya kwanza wa pale, wanamwita Zamda, na begi lake la msalaba. Mzee wa kamati yetu akapiga kelele, "Mkono wa mwenyeji usimguse kipa! Asimguse mtu!" Vijana wakamzunguka Elius ukuta, na mimi, Dada Bertila, mimi mwenyewe niliingia uwanjani na khanga yangu nikasimama mbele ya yule binti nikamwambia, "Rudi na begi lako, huyu ana mama yake." Akaniambia kwa upole, "Mama, amezimia huyu, hapa hamna mambo ya mpira." Sikumsikia. Mzee akammwagia maji ya dumu letu, Elius akafumbua macho, akasimama, watu wetu wakashangilia, akadaka mpaka mwisho, tukatoka sare ya moja kwa moja. Nikaimba.

Sasa tukiwa kwenye gari tunarudi, vijana wanaimba, Elius kaegemea bega langu, akaniuliza, "Mama, mechi inaanza saa ngapi?"

Gari zima likacheka. "Kipa ana vituko huyu!" Na mimi nikacheka, lakini nilipomtazama macho nikaona hatanii, alikuwa anangoja jibu.

Tulipofika stendi akatapika. Tangu hapo kila asubuhi anatapika kabla hajaonja kitu. Kichwa kinamuuma, mwanga hautaki, anakaa na kofia ya sufu imeshuka mpaka puani, anasinzia kijiko kikiwa mdomoni. Dada yake Eveline anamwita Hulda, jina langu mimi, mtoto aliyelelewa kwa adabu anamwita dada yake jina la mama yake na haoni kosa. Jana amemimina chai pembeni ya kikombe, ikamwagika mezani yeye anaitazama tu.

Mzee wa kamati alikuja Jumapili, sisi tukiwa tumetoka ibadani, akasema Njiapanda wamemrushia kitu kupitia goti la yule kijana, akamfunga uzi mweusi mkononi, akasema asiguswe na mkono mwingine wowote, wa daktari wala wa nesi wala wa mchungaji, mpaka marudiano yaishe. Akiguswa, lango letu litafunguka na kile kitu kitarudi kwa mtoto mwenyewe, na kikirudi hakitoki. Dada Bertila, nilimwona anafunga ule uzi, na sikumzuia.

Jumatatu, nani anabisha hodi? Fahadi. Ni utingo wa lori la mizigo, limepita Njombe akashuka, ana mchele kwenye mfuko na machungwa, anapiga magoti mlangoni kwangu, "Shikamoo mama, nimekuja kumwona Elius. Sikukusudia. Mama, mimi niliona macho yake yalivyogeuka, tafadhali mpeleke hospitali." Kabla sijajibu vijana wa timu walikuwa wameshafika, wakamwambia, "Umekuja kumalizia kazi? Unataka tucheze bila kipa!" Wakamsukuma mpaka barabarani, na ule mchele kocha wetu Romani akasema nisiupike, nimpe mbwa, na mbwa naye nimwangalie.

Nikamwambia kocha, mtoto anaumwa. Akanijibu mbele za watu, "Mama Elius, wewe ni mama wa timu au ni mama wa kipa?" Watu wakacheka. Elius mwenyewe ukimgusa habari ya hospitali anakuwa mkali, "Mama, kuna mtu wa timu kubwa anatoka Iringa kuja kunitazama. Nikikosa Jumamosi hii nitadaka maparachichi maisha yangu yote." Baba yake, Abrahamu, yuko Makete kwenye mbao, nilimpigia, kumbe ameshawatangazia wenzake wote na wanakuja na gari la mbao. Mimi nami nimealika kwaya nzima na ndugu zangu wa Tandala, mdomo wangu Mungu aliupa kazi nyingi.

Sasa nifanye nini? Nikimpeleka hospitali na ule uzi ukawa wa kweli, nitakuwa nimemuua mwanangu kwa mkono wangu. Nisipompeleka, naona anavyoondoka polepole huku amekaa kwenye kiti. Mchungaji namwonea aibu. Barua hii nimeileta mwenyewe kwa miguu hapo kituoni kwenu, nimemwacha Eveline amwangalie, nimemwambia akilala asimwache alale sana. Nijibu upesi, dada yangu. Naogopa hata kurudi nyumbani kufungua mlango.

Mimi Hulda, Mama Elius,
Njombe mjini.

MSHAURI ANAJIBU

Mama Elius, kamwene. Barua yako imefika jana jioni na leo Jumatano nimeisoma mbele ya zote. Namba ya simu hukuandika, ningekupigia. Kama redio yako iko wazi, chukua khanga uvae huku unanisikiliza. Usikae.

Mwanao ameumia ndani ya kichwa. Mimi si daktari, lakini hata mimi najua kwamba mtu aliyepigwa kichwani akazimia, akasahau mechi aliyotoka kucheza, na sasa anatapika kila asubuhi na kusinzia na kijiko mdomoni, huyo si wa kungoja Jumamosi. Si wa kungoja hata chai. Inawezekana damu inavuja taratibu mahali ambapo hakuna anayeiona. Sikutishi, umeshatishika vya kutosha. Ila hofu yako umeipeleka kwa wasiostahili: umewaogopa kocha, mzee na uzi, ukakiacha kichwa.

Na hapa nitakukaripia, unipokee kama mdogo wako. Umetoka kwako kwa miguu mpaka kituoni kwetu. Hospitali umeipita njiani, mama! Umepita mbele ya geti la hospitali ukiwa na barua mkononi ya kuniuliza mimi kama uende hospitali.

Yule binti Zamda ulimfukuza na begi lake. Fahadi mkamfukuza na mchele wake. Hebu niambie, tangu lini adui anashuka kwenye lori, anapiga magoti mlangoni kwako na kukuomba umtibu mwanao? Mtu anayetaka kukumaliza hakuambii nenda kwa daktari, anakuambia ngoja. Sasa jiulize mwenyewe ni nani waliokuambia ungoje.

Kuhusu uzi, sitabishana nawe redioni. Naijua hofu hiyo, nimezaliwa huku huku, na najua mtu anaweza kuimba sauti ya kwanza Jumapili na Jumatatu akakanyaga kizingiti kwa woga. Kama unaogopa kuukata, usiukate. Uache mkononi. Daktari atatazama kichwa, mkono hauhitaji. Ila hilo la kwamba mkono wa daktari utamuua mwanao, mama, mkono wa kwanza kumgusa Elius alipokuja duniani ulikuwa wa mkunga, hukumuuliza ametoka timu gani.

Fanya hivi. Tafuta bajaji au teksi, bodaboda usipande naye, akilegea ataanguka. Kaa naye nyuma, umshike. Asile chochote. Zile dawa za maumivu za dukani usimpe. Ukifika usiseme "mtoto anaumwa kichwa", watakupanga foleni ya mafua. Sema: amepigwa goti kichwani Jumamosi, alizimia, hakumbuki, anatapika, anachanganya majina. Sema hivyo hivyo, kwa sauti ile ya vigelegele vya Makambako, mpaka wakuelewe. Wakisema anahitaji kupigwa picha ya kichwa au kupelekwa mbali zaidi, nenda leo hii hii, usirudi nyumbani kuaga mtu.

Elius akikugombeza, mwache agombeze. Mwambie mtu wa Iringa anatafuta kipa atakayedaka miaka kumi, hatafuti kipa wa Jumamosi moja. Na kama alikuja kutazama kijana anayetapika golini, basi timu yake nayo haifai. Abrahamu umpigie ukiwa njiani, usimwombe ruhusa, mpe taarifa. Mchungaji naye mpigie. Aibu utaiona siku mbili, kaburi utaliona miaka yote.

Kocha Romani, najua unasikiliza, kila mtu wa mpira mjini hapa anasikiliza saa hii. Ulimuuliza Hulda yeye ni mama wa nani, watu wakacheka. Jibu analo, alilibeba miezi tisa. Tafuta kipa wa akiba, na kama huna, ahirisha mechi au ufungwe, hakuna mtu aliyewahi kuzikwa kwa kufungwa. Mzee wa kamati, jina lako silijui na sitaki kulijua, lakini uliyemfunga uzi ni mtoto wa mtu, na maisha yake yote yako mbele. Njoo umtazame kwa macho yako, mchana, akiwa amelala kitandani, halafu utuambie kama bado unataka angoje.

Mama Elius, wale wote uliowaalika usiwafiche na usiwadanganye. Kwaya, ndugu wa Tandala, watu wa mbao wa Abrahamu, waambie wasije uwanjani Jumamosi. Waje hospitalini, wakae pembeni ya kitanda cha kijana wako zamu kwa zamu, wakusaidie kuogopa maana hofu hii ni kubwa kwa mtu mmoja. Vijana wa Baridi Kali nanyi njooni, mpite getini kama watu. Fahadi, kama lori lako linapanda, shuka tena, na safari hii hakuna atakayekusukuma. Na mimi Bertila nitakuwepo mlangoni saa ya kuona wagonjwa, nikiwatazama mmoja mmoja mnavyoingia. Nawangoja wote kesho, Alhamisi.