Mshale Ulirudi Sifuri

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako, na za nyumba hii ambayo siku hizi ina mtu mmoja tu wa kusalimu. Mimi sijambo kiasi: nakula, nalala, na kile kikohozi cha mwezi uliopita kimeniacha. Natumaini shemeji na watoto ni wazima. Wewe sikuulizi hali kwa mazoea, nakuuliza kwa hofu, maana shemeji ameniandikia kwamba tangu tumzike mama hujarudi wodini, na kwamba hata mkanda wa presha hutaki kuushika. Anasema unakaa jikoni unarudia jambo moja tu, kuwa wewe ndiye uliyempunguzia mama dawa. Naiandika barua hii kwa ajili ya jambo hilo. Tafadhali isome yote hata kama utataka kuichana katikati.

Dukani naenda kila siku. Watu bado wananiletea saa zao. Juzi mama mmoja aliniletea saa ya ukutani akasema haitembei tangu mwaka juzi; nikaifungua, nikakuta haina betri. Mama angecheka wiki nzima. Nilifika nyumbani na hadithi yangu mdomoni, nikakumbuka mlangoni.

Nadhani unaikumbuka siku uliyotuletea kile kipimo cha presha cha kupuliza kwa mkono. Ulikitoa kwenye mfuko wake wa zipu, ukanikalisha kama mwanafunzi wako wa uuguzi. Mama akae dakika tano bila kuongea, jambo ulilosema ndilo litakalonishinda. Miguu iguse chini, mkono ulale mezani usawa wa moyo, mkanda ufungwe vidole viwili juu ya kiwiko. Nivae kifaa cha kusikilizia mapigo, nipulize mpaka yapotee masikioni, nizidishe kidogo, halafu nilegeze kile kiskrubu polepole. Pigo la kwanza kusikika ni namba ya juu. Yakinyamaza, hapo ndipo ilipo namba ya chini. Ukaniambia mshale usiporudi sifuri kisitumike hata siku moja, na kila mwaka kipelekwe kwa fundi wa vifaa pale hospitali akikague. Mwisho ukanitazama usoni ukanikataza kukifungua. Ulinijua.

Mama alikipenda. Alisema nampulizia mkono kama tairi la baiskeli. Aliwaambia majirani kwamba amezaa watu wawili, Daktari na Mikono, na kifo kikija kitakosa pa kupita. Wewe ni muuguzi, lakini kwake ulikuwa Daktari, na mimi nilikuwa Mikono tangu nilipoifufua redio ya baba. Kila asubuhi nilimpima nikaandika kwenye daftari, na kila Jumapili nilikusomea kwenye simu. Mia sabini na mbili. Mia sitini na nane. Ulikuwa unaguna tu.

Halafu, mwezi wa nne, namba zikashuka. Mia thelathini na nane, mia thelathini na nne, mia thelathini. Ulishangilia mpaka shemeji akaja kuuliza kuna nini. Mama, yeye, hakushangilia. Alianza kulalamika kisogo kinamgonga asubuhi, na tundu la sindano akawa halioni. Namwambia presha iko vizuri mama, namwonyesha daftari. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, hicho kipimo chako kinasema mimi mzima, lakini kichwa changu kinakataa. Sasa tumsikilize nani?" Nilicheka. Nikamwambia mashine haina uzee.

Wiki iliyofuata muuguzi wa zahanati alimpima akapata mia sabini na sita. Nikabishana naye mbele ya wagonjwa. Nikamwambia mama ametembea juani na mkanda wao umechakaa. Mama alitutazama, kisha akanyanyuka, akaniambia twende. Alinichagua mimi, dada.

Yaliyobaki unayajua. Ulizungumza na daktari wenu juu ya zile namba, akakubali vidonge vipunguzwe kwa nusu. Siku ya kumi na tisa mama alianguka kwenye kizingiti cha jikoni, beseni la maji mkononi, mdomo umekwenda upande. Siku ya tatu akatutoka.

Naona nazungukazunguka. Acha niseme.

Kipimo kilianguka, dada. Ni mwezi ule ule wa nne. Nilikuwa namvua mama mkanda, simu ikaita, kikateleza mezani kikapiga sakafu kwa uso. Kioo hakikupasuka, ila mshale haukurudi nyumbani. Ulisimama kwenye kumi na nane. Nilipaswa kukipeleka hospitali. Lakini yule fundi wa vifaa ananitania miaka yote kwamba mimi ni fundi wa kutikisa na kupuliza, na nikaona aibu. Nikakipeleka dukani, nikabana lensi yangu jichoni, nikakifungua. Ndani niliona springi, magurudumu ya meno na mshale. Nikajiambia, hii nayo ni saa tu. Nikaung'oa mshale, nikauweka juu ya sifuri kama ninavyoweka mkono wa saa kwenye kumi na mbili, nikafunga. Nilijipongeza.

Wiki mbili baada ya mazishi ndipo nilipokipeleka. Fundi alikiunganisha kwa mpira mmoja na kipimo chao cha zebaki, akapuliza. Kwenye sifuri kilikuwa sawasawa. Zebaki ilipofika mia, changu kilisema sabini na nane. Ilipofika mia na themanini, changu kilisema mia thelathini na nane. Akasema springi ilipinda kilipoanguka, na kuuweka mshale sifuri kulificha tu ubovu. Akaniuliza nani alikifungua, nikasema mimi. Hakunitania. Afadhali angenitania.

Na hilo bado si baya kuliko yote. Kabla vidonge havijapunguzwa, uliniuliza kwenye simu, "Kipimo ni kizima? Hakijaanguka?" Ukaniuliza mara ya pili. Mama alikuwa amekaa karibu yangu, naye siku ile alikiona kikianguka. Nikakujibu, "Ni kizima, dada." Mama akanyamaza, asimwaibishe mwanawe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha ya mashine, na kifo hakikuniumbua mimi, kilimchukua yeye.

Kwa hiyo wewe hukumuua mama. Uliuliza swali lililopaswa kuulizwa, ukadanganywa na mtu uliyemwamini. Katika kifurushi hiki nimeweka kipimo kama kilivyo, daftari, na karatasi ya fundi yenye namba zote. Mwonyeshe daktari wenu, mwonyeshe shemeji. Kisha rudi wodini. Huko kuna mama za watu, na mikono yako haina kosa.

Nisalimie shemeji, na watoto waambie mjomba anawakumbuka. Sikuombi msamaha leo, nisije nikakutwisha na mzigo huo. Ukipata nguvu ya kunijibu, nijibu. Ila usiniite tena lile jina alilonipa mama.

Ni mimi, mdogo wako.