Mbuzi wa Ntheo Hawaendi Ukumbini

Jumapili, 3 Agosti 2025

Baridi. Koti tangu asubuhi. Wageni wa Kisaju, wakwe zetu watarajiwa, wamekuja na kuondoka, na chai ya pili hawakuinywa — ishara mbaya.

Walikuja kuuliza mbuzi wa ntheo waletwe wapi. Mbuzi watatu. Kwetu Ukambani, bila hao mjukuu wangu Nzembi hajaolewa, hata akivalishwa pete na askofu. Babake, mwanangu Mwololo, alikuwa ameshakodi ukumbi wa kanisa. Lemayian, baba mdogo wa bwana harusi, akakataa. Kwa upole, fimbo magotini. Wamaasai hawapeleki mifugo ukumbini, alisema. Mifugo huenda nyumbani kwa mtu.

"Mwalimu, tuonyeshe kwenu. Hapa mnalipa rent."

Nzembi akatazama vikombe. Kwetu! Baba aliuza shamba la Nzaui akanunua Molo. La Molo tuliliacha likiwaka katika vita vya ukabila, 1992. Miaka thelathini na mitatu nimekuwa mpangaji. Nimepewa hadi Alhamisi niwaonyeshe kwetu, la sivyo harusi ingoje.

Jumanne, 5 Agosti

Mwololo alipitia hapa akitoka kazini. Yeye ni mzee wa kanisa, mtu mwema, huongea kama anayesoma tangazo la ibada. Nilimwambia nitawapa watu wa Kisaju habari za mwamba wa Nzaui: Mulungu alivyowashusha mume na mke wa kwanza kutoka mawinguni, pamoja na ng'ombe wao, nyayo zikabaki kwenye jiwe. Akasema hizo ni hekaya, tutaaibika mbele ya watu walio na title deed. Hakuna mtu alishuka, baba.

Najua. Nimefundisha historia na jiografia miaka thelathini na mmoja. Nikiwa na miaka minane niliweka mguu katika unyayo ule. Kisigino changu hakikufika hata katikati. Maji ya mvua ndiyo yaliyouchimba — ningeweza kumchorea. Lakini babu aliponisimamisha pale hakuwa akinifundisha miamba. Alikuwa akiniambia kwamba mtu wetu wa kwanza alianza bila nyumba, juu ya jiwe tupu, na pale aliposimama pakawa kwake. Hiyo ndiyo kazi ya kisasili. Moto wa Molo ulikula paa na vyeti vyangu vya ualimu. Hiki haukukipata.

Sikumweleza vizuri hivyo. Nilikasirika. Akaondoka bila kula.

Alhamisi, 7 Agosti

Kisaju! Nilienda na Nzembi. Boma la Lemayian, upepo mkali. Salamu zao, sopa, ipa, kisha maziwa. Nikasimulia yote, polepole, nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye ng'ombe, Lemayian akanikatiza. Hao ni wetu, akasema — ng'ombe wote wa dunia Mungu wetu Enkai aliwateremshia Wamaasai kwa ukanda wa ngozi. Labda nyinyi mliokota waliopotea. Wazee wakacheka. Nikamwambia mimi mwamba wangu upo, una alama za kwato. Ukanda wake uko wapi? Mzee mmoja akajibu kwamba ulikatwa zamani. Basi, nikasema, shahidi wangu yupo, wenu amekatwa. Hapo walicheka mpaka kibuyu kikamwagika.

Kisha Lemayian akauliza, kwa sauti nyingine, yule wa kwanza alilala wapi siku ile aliyoshushwa. Nikasema palepale, juu ya jiwe.

"Na hakuna mtu alimuuliza plot number," akasema. "Sawa. Jumamosi tunakuletea kwako. Kwako, Mwalimu. Si ukumbini."

Nzembi alinishika mkono njia nzima. Hajafanya hivyo tangu darasa la tatu. Nilitembea wima, hata goti sikulisikia.

Jioni nikampigia Mwololo simu. Akasikiliza. Hakusema ndiyo.

Jumamosi, 9 Agosti

Saa nne asubuhi. Wamefika. Naandika dirishani, ghorofa ya tatu, suti tayari nimevaa.

Mbuzi watatu wako langoni, na Ojwang, mlinzi wa ploti, amefunga kufuli. Mifugo hairuhusiwi. Amempigia mwenye nyumba, hapokei. Lemayian amesimama barabarani na shuka lake, hana haraka. Amenipungia fimbo na kuniita "Pakine!" — kwao, waliopeana mbuzi huitana hivyo. Na bado hajanipa!

Mwololo ameshuka. Nilidhani anaenda kuwageuza kwenda ukumbini. Sauti zinafika huku juu. Ojwang anasema yeye hana ubaya na mzee, lakini hapa si kwao, ni ploti ya mtu. Na mwanangu — namsikia vizuri, ile sauti ya tangazo — anamwambia ngoja kwanza, ndugu yangu. Kuna mwamba Ukambani unaitwa Nzaui.

Ameanza.

Amekosea. Amemshusha mke kwanza. Sitamsahihisha. Nzembi amekuja kusimama kando yangu.

Watu wa duka la mkabala wametoka nje kusikiliza. Mbuzi mmoja ameingiza kichwa kati ya vyuma vya lango. Ojwang anauliza ng'ombe walikuwa wangapi. Mkono wake bado uko kwenye kufuli.