Maabara ya Masufuria

Rincy wee, nimeumbuka!

Niko hotelini nasugua masufuria, simu ikaita. Nikapokea kwa kiwiko nikidhani ni wewe. Kumbe Mama, kwa video, na sebule nzima ya watu waliokuja kuniposa!

Na keshawaambia huku ng'ambo, Galway, mimi ni msaidizi wa profesa. Msaidizi wa profesa, Rincy! Nina povu hadi kwenye nyusi.

Mama wa huyo mchumba akauliza, "Kwani binti yuko wapi?"

Mama hakupepesa hata jicho. "Maabara. Huko wasomi huosha vyombo wenyewe."

Hapo hapo Padraic, mpishi wetu, akafoka, "Sufuria ya supu iko wapi?"

Simu ikakatwa.

Sasa hivi Mama kaniandikia. Waposaji hajawataja kabisa. Kaandika tu: "Mwanangu, mikono yako imekuwaje?"